Vifuniko Viwili kwenye Pipa la Buluu

Nyumbani kwangu Kaloleni maji huja siku mbili kwa wiki, Alhamisi na Jumapili, na Jumapili huja wakati watu wako kanisani, utadhani anayefungua bomba kule juu ana ugomvi na dini. Kwa hiyo najua maji kuliko ninavyojua kitu kingine. Shule niliacha darasa la tatu, huko kwetu Ukambani, na kilichonitoa shuleni kilikuwa ni maji: mto ulikuwa mbali na mama alikuwa na mgongo mmoja tu. Nikaja Nairobi kuolewa na dereva wa kaunsili, nikapewa chumba, jiko, kiuwanja kidogo nyuma, na mfereji. Mfereji wangu mwenyewe! Nikadhani shida imekwisha. Baada ya miaka michache ukaanza kukohoa, na mpaka leo haujapona.

Ndiyo maana nina sheria. Mapipa yangu meusi matatu yako nyuma ya nyumba, chini ya mabati, na yamefunikwa. Ubavuni nachora mistari ya mkaa, mstari mmoja kwa kila siku ambayo maji yamelala humo. Ya zamani ndiyo huchotwa kwanza. Kata ya kuchotea haiwekwi chini hata kama nyumba inaungua. Na kila Jumamosi asubuhi, kabla sijanywa chai, nazunguka na chupa ya dawa ya maji, natia, nakoroga, nafunika. Mwaka ule watu wa safu yetu ya nyumba walipoharisha mpaka wakabebwa, nyumba yangu hakuna aliyelala kitandani. Wengine walisema ni maombi. Niliomba, ndiyo, lakini dawa pia nilitia.

Sasa, ninaishi na mjukuu wangu, binti wa binti yangu wa kwanza. Ana miaka ishirini na saba na anauza maji ya kunywa kwenye kibanda ng'ambo ya barabara, yale maji yanayopitishwa kwenye machujio marefu mpaka yakatoka hayana ladha ya kitu chochote. Nikiyanywa naona ni kama kunywa upepo. Mteja wake mmoja, aliyekuwa akichukua mitungi mingi kila wiki, alikuwa anahamia ng'ambo na hakuweza kubeba kila kitu. Akamwachia tangi la vioo. Likaja na mkokoteni, watu wanne wamelishika kama jeneza, na nyuma ndoo za maji, samaki wawili wa rangi ya machungwa wenye mishipi myeupe, na jiwe kubwa limeota vitu.

Nilisimama mlangoni. "Hiyo ni nini?"

"Shosh, hii ni bahari."

"Bahari iko Mombasa."

"Hiki ni kipande chake."

Wakaliweka pale palipokuwa na kabati ya vyombo. Nikainama nikatazama lile jiwe. Lilikuwa na vitu kama vifungo vya koti, vingine kama uyoga, na juu kabisa kimoja chenye matawi mengi, rangi ya zambarau ncha zake nyeupe, kama mti ulioota jangwani.

"Na haya mawe ya nini?"

"Si mawe, Shosh. Ni matumbawe. Yako hai."

"Yanakula?"

"Yanakula."

"Na yanafanya kazi gani?"

"Hayafanyi kazi. Yanakaa tu."

"Basi yamemfuata mjomba wako."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini nilimwona usiku huo na siku zilizofuata jinsi alivyokuwa akikaa mbele ya lile tangi na sahani yake ya chakula mkononi, haangalii simu, haangalii runinga. Huyu mtoto mama yake alipokwenda kufanya kazi Uarabuni alimwacha kwangu akiwa na miaka tisa. Hakuwahi kuniomba kitu cha kuchezea. Nikasema, haya, kabati ya vyombo itakaa jikoni.

Shida ya bahari ni kwamba inachoka. Kila baada ya wiki mbili lazima utoe maji kiasi, uweke mapya, na hayo mapya yawe ya chumvi, chumvi yake maalumu inayokuja kwenye ndoo, si hii ya kutia kwenye mboga. Nikamwambia si achanganye tu siku ile anayoyahitaji. Akasema hapana, maji yaliyochanganywa sasa hivi ni makali, yanataka siku nzima yapoe ukali. Halafu kibandani maji hukatika pia, na siku bahari ikiugua huwezi kuanza kusubiri Alhamisi. Maji lazima yawe yamekaa tayari.

Hapo alinigusa. Mtu akizungumza habari ya kuweka akiba ya maji, mimi ni wake.

Akaleta pipa la buluu. Lilikuwa limebeba sharubati ya machungwa kiwandani, na mdomo wake ni mdogo, kama sahani ya chai. Nikaingiza pua. Nikamwambia pipa hili halijaoshwa, limesuuzwa. Tuliliosha kwa siki siku mbili, bila sabuni, kwa sababu alisema sabuni haitoki kabisa na matumbawe yanaijua. Tukalisimamisha jikoni penye kivuli, maana jua huotesha ukijani.

Siku ya kuchanganya nilivuta kigoda nikakaa karibu kumsahihisha. Alijaza yale maji yake ya upepo. Kisha akaanza kutia chumvi kidogo kidogo juu ya maji.

"Si ungeweka chumvi kwanza, umwagie maji?"

"Ukiweka chumvi kwanza inagandamana chini, haiyeyuki tena vizuri. Maji kwanza, chumvi baadaye."

"Kama unga wa ugali."

"Eeh, kama ugali."

Basi kama ni ugali, nikainuka nikaleta mwiko. Mwiko wangu alinichongea marehemu mume wangu kwa mti wa muhugu. Alikuwa dereva siku sita na mchongaji siku ya saba, na mpaka leo dirisha langu limejaa twiga wake na ndege wake. Niliingiza mwiko huo pipani kabla mjukuu wangu hajageuka. Alipiga kelele kama mtu aliyeona nyoka.

"Shosh! Huo una mafuta!"

"Mafuta gani? Nimeuosha."

"Una mafuta ya tangu sijazaliwa!"

Akamwaga pipa zima. Pipa zima, kwenye sukuma wiki yangu, na sukuma ikafa yote. Wiki moja sikumsemesha vizuri, kwa sababu ya sukuma, na pia kwa sababu alikuwa na haki.

Mara ya pili alitumia pampu ndogo ya kuzungusha maji, akaiacha ivume siku nzima. Halafu akachukua kidude cha kutazamia kwa jicho moja, akadondosha tone, akakielekeza dirishani. "Thelathini na tano," akasema. "Angalia mwenyewe." Nikaangalia. Buluu juu, nyeupe chini, na mstari umesimama kwenye namba. Siku chache baadaye niliona maji yamepungua kidogo pipani, nikamwambia aongeze maji na chumvi. Akatikisa kichwa. "Kinachopotea ni maji peke yake, Shosh. Chumvi haiendi popote. Unaongeza maji matupu." Hilo nililielewa mara moja. Mchuzi ukikauka jikoni huongezi chumvi, unaongeza maji. Nilishangaa kwamba bahari na mchuzi vina sheria moja.

Pampu hakuizima. Usiku na mchana ilivuma mle pipani, na nilipomuuliza kama stima ni ya baba yake, alisema maji yasipotembea yanaoza. "Zima vyote, Shosh, redio, taa, lakini hiyo usiizime."

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta anauza supu na matumbo pale Soko la Burma. Ni Mkikuyu, mjane kama mimi, na kwa zaidi ya miaka thelathini tumegombana kwa amani. Maji yake yakimwishia anaingia kwangu bila kubisha, anachota, na siku maji yakija anarudisha. Mimi nafanya hivyo hivyo kwake. Desturi hiyo tuliikuta hapa, na sijawahi kusikia mtu ameivunja. Siku moja nilikuwa kanisani kwenye kikao cha akina mama. Akaingia, akaona mapipa meusi yamefika chini, na jikoni kuna la buluu limejaa pomoni. Akachota mtungi mzima. Akachemsha supu ya kichwa cha mbuzi kwa bahari.

Nilipofika langoni nilimkuta ananisubiri, mikono kiunoni.

"Wewe mwanamke, umeniwekea nini kwenye maji?"

"Nani alikwambia uchote la buluu?"

"Lilikuwa limejaa! Pipa lililojaa linaulizwa? Wateja wangu wametema supu barabarani. Mmoja ameniuliza kama mbuzi alikufa maji."

"Na wewe ulimjibu nini?"

"Nikamwambia alikuwa mbuzi wa Mombasa."

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Mjukuu wangu hakucheka. Aliporudi kutoka kazini alikimbilia pipa, akanusa, akaangalia kama kata ile ilikuwa na mafuta ya supu. Akamwaga tena, akaanza upya. Nikaona uso wake, nikamwambia, "Sikiliza. Kuanzia leo hakuna mkono utakaogusa pipa hili."

"Mkono wa mtu yeyote?"

"Wa mtu yeyote. Nimesema mimi."

Kwetu neno langu huwa halirudiwi. Akaridhika, akaniachia ulinzi, na mimi nikalilinda. Jirani akipita jikoni nilikuwa namwangalia mikono kama askari wa supamaketi.

Sasa nitasema kilichotokea, na sitajificha. Ilikuwa Jumamosi. Pipa la buluu lilikuwa limekaa wiki tatu, maana mjukuu wangu alikuwa na kazi nyingi na bahari ilikuwa haijachoka sana. Nilipomaliza kutia dawa kwenye meusi nikarudi jikoni na chupa mkononi, nikalitazama. Wiki tatu. Maji gani hulala wiki tatu bila dawa? Kwenye ukingo palikuwa na ukungu mweupe, ambao sasa najua ni chumvi iliyokauka, lakini siku hiyo niliona uchafu. Nikawaza, mtoto huyu ni wa juzi, hakuwaona watu wakibebwa kwenye safu hii. Nikawaza pia kwamba kama maji hayo yataingia sebuleni kwangu, basi ni maji ya nyumba yangu, na ya nyumba yangu yana sheria. Nilikuwa nimeapa hakuna mkono utakaogusa. Lakini mtu akiweka sheria mwenyewe, huwa anadhani mkono wake si mkono.

Nikatia dawa, kifuniko kimoja cha chupa. Nikakumbuka ni wiki tatu, nikatia cha pili. Nikakoroga kwa kijiti kisafi, nikafunika, nikaenda kunywa chai.

Sikumwambia. Sikuona kama kuna la kusema.

Jumanne yake, saa nne hivi asubuhi, nilitoka Burma na robo ya nyama. Nikafungua mlango, nikavua viatu kama kawaida, nikakanyaga maji. Nikadhani ni paa. Paa lilikuwa kavu. Nikachovya kidole nikaweka mdomoni. Chumvi.

Tangi lilikuwa limeachia kwenye kona, pale vioo viwili vinapokutana kwa gundi. Maji yalikuwa yametoka mpaka yakabaki kama robo. Wale samaki wawili walikuwa chini wamebanana. Lile jiwe lilikuwa limetoka nje ya maji zaidi ya nusu, na mti wa zambarau ulikuwa hewani kabisa, umenyauka, unateleza kama kamasi. Nikampigia simu mjukuu wangu. Sikumbuki nilisema nini. Alifika hata kabla sijaiweka simu mezani, na aproni ya kibandani shingoni.

Hakulia. Alitia samaki ndooni na maji kidogo yaliyobaki. Akazima hita ya kupashia bahari joto. Akaniambia, bila kunitazama, "Shosh, leta ya pipani. Upesi, ndoo ya kwanza tuyamwagie matumbawe hapa hapa, halafu tutafute chombo kipana. Yaani tungekuwa hatuna hilo pipa..." Hakumaliza.

Nilikwenda jikoni. Nikateka ndoo. Maji yalikuwa safi, yanang'aa, hayana harufu. Na nilijua. Yeye mwenyewe alishaniambia zamani, nami Jumamosi sikulikumbuka, kwamba dawa inayoua wadudu wa tumbo haichagui. Matumbawe yenyewe ni wadudu wadogo wamekaa pamoja. Nilisimama na ndoo kwenye mlango wa jikoni. Nitasema ukweli: nilifikiri kunyamaza. Dawa yenyewe ni ya Jumamosi, huenda imekwisha nguvu. Na kama yangekufa, tangi limepasuka, nani angeuliza? Kila mtu angesema ni tangi.

Akanyoosha mkono apokee ndoo.

"Usiyatie," nikasema. "Nimeyatia dawa."

"Dawa gani?"

"Dawa ya maji."

Mkono wake ulibaki pale pale hewani. "Nani ametia?"

"Mimi."

Jirani alikuwa ameshaingia kwa kusikia makelele, akasimama nyuma yangu.

"Lini?"

"Jumamosi."

"Vifuniko vingapi?"

"Viwili."

"Pampu ulizima?"

"Sikuizima. Ulinikataza."

Akafumba macho, akahesabu kwa vidole. "Inaweza kuwa imetoka. Inaweza kuwa haijatoka. Siwezi kubahatisha." Kibandani kwake kuna karatasi za kupimia dawa kwenye maji, lakini zilikuwa zimeisha tangu jana yake. Kibanda kingine cha mwenzake kiko upande wa Majengo. "Naenda na boda. Nyinyi wawili, chukueni hayo maji yaliyobaki chini ya tangi, mmwagie jiwe kwa kikombe. Polepole. Msiache likauke." Akafika mlangoni akageuka. "Na mtafute chombo kipana. Hilo jiwe halipiti kwenye mdomo wa pipa la buluu."

Akaenda. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Basi wanawake wawili wazee tukapiga magoti kwenye maji ya chumvi, kila mmoja na kikombe.

"Mimi nimebatizwa mara moja tu," akasema jirani, "na hili jiwe leo ni mara ya ishirini."

"Mwaga, acha maneno."

"Kwani hili linaitikia amina?"

"Mwaga huko juu, kwenye matawi."

Nikawaza habari ya chombo. Beseni la kufulia lina sabuni ya miaka. Karai ni la chuma, na chuma na chumvi havikai pamoja. Kilichobaki kilikuwa kimoja: pipa langu jeusi la tatu, lile pana lililokatwa, ambalo ndilo la maji ya kunywa na kupikia. Lilikuwa limejaa. Lilikuwa na mistari miwili tu ya mkaa. Na ilikuwa Jumanne, mpaka Alhamisi hakuna tone, na yale mengine mawili yalikuwa yameshuka mpaka magotini.

Nikampa jirani kikombe changu, akawa na viwili, nikatoka nje, nikalisukuma kwa goti. Halikutikisika. Nikarudi ndani.

"Leta mitungi yako," nikamwambia.

"Ya nini?"

"Nakupa maji."

"Siku ya Jumanne?" Alinitazama usoni kama anayetafuta homa. "Umekunywa nini huko Burma?"

"Leta mitungi, mwanamke! Yako na ya mtu yeyote aliye na mtungi."

Alinipokeza vikombe, akatoka akaita safu nzima kwa sauti ile ya kuuzia supu. Nikawasikia wakija, wakiulizana kuna msiba gani. Walichota, hakuna aliyebisha, kila mmoja akitoka ananiangalia na kushukuru kwa woga. Kwa yaliyobaki tulililaza pipa, yakamwagika uwanjani. Tangu nizaliwe sijawahi kumwaga maji masafi chini. Yalipita kwenye vidole vya miguu yangu yakaingia kwenye udongo, na mimi nikayaangalia mpaka yakaisha, kisha nikalifuta pipa kwa kitambaa kikavu, mara tatu, na kuliingiza sebuleni.

Mjukuu wangu alirudi karibu saa nzima baadaye. Boda ilikwama njiani. Akaona pipa jeusi katikati ya sebule, tupu, kavu, na mistari yangu miwili ya mkaa bado ubavuni. Akaliangalia, akaniangalia mimi. Anajua pipa lile ni lipi.

Alichovya karatasi kwenye ndoo. Tukainamia wote watatu. Kama ingebaki nyeupe, hakuna dawa. Ikabadilika kidogo tu, ikawa kama rangi ya ukucha wa mtoto.

"Imo," nikasema.

"Imebaki kidogo sana. Hiyo pampu imeifukuza karibu yote." Akatoa mfukoni kikaratasi kilichokunjwa, ndani yake chembe nyeupe alizopewa na mwenzake, zinazoua dawa. Akatia chembe chache ndani ya pipa la buluu, akaacha pampu izungushe, akachovya karatasi nyingine. Nyeupe. Akapima mara ya pili, na mara ya tatu akanipa mimi karatasi nichovye. Nyeupe.

Alipangusa pipa jeusi kwa tone la maji yale, kisha tukaanza kuhamisha, ndoo baada ya ndoo. Jiwe lilibebwa na sisi watatu. Lilipoingia majini likatoa mapovu, na samaki wakafuata, wakazunguka mara moja kukagua nyumba, wakajificha nyuma ya jiwe.

"Sasa?" jirani akauliza.

"Sasa tunangoja," akasema mjukuu wangu, akakaa kwenye sakafu yenye maji, mgongo kwenye pipa.

Nilitafuta la kumwambia. Kwetu mtu mzima hamwombi mtoto radhi, humpikia. Nilikuwa na robo ya nyama, lakini maji ya kupikia nilikuwa nimewagawia safu nzima. Ikabidi niende kwa jirani kukopa maji yangu mwenyewe. Hiyo ameshaisimulia Burma yote, na ninajua anaongeza chumvi.

Vile vitu kama vifungo vilifunguka kesho yake adhuhuri. Alinipigia kelele nije nione, na nilikuja na unga mikononi. Uyoga ulichukua siku mbili. Tangi likapakwa gundi upya, likaachwa likauke wiki nzima, na wiki hiyo wageni waliokuja kwangu walikuta samaki wa baharini kwenye pipa la maji ya kunywa, wakaona ni adabu kutouliza. Ule mti wa zambarau haukufunguka. Ulianza kuwa mweupe kutoka chini, ukapanda, na siku ya nne ulikuwa mweupe mpaka ncha. Mjukuu wangu akasema labda ulikuwa umekufa hata kabla sijarudi kutoka sokoni, huwezi kujua. Labda. Lakini ulikaa hewani saa nzima zaidi ukimngoja mtu aliyekwenda kutafuta karatasi, na karatasi ilitafutwa kwa sababu yangu. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Sawa, Shosh." Halafu akasema, "Asante kwa kusema ukiwa na ndoo mkononi."

Siku hizi Jumamosi nazunguka na chupa yangu kama zamani. Nikifika jikoni naiacha chupa kwenye dirisha la nje, ndipo naingia. Namba za pipa la buluu nasoma mimi, kwa jicho moja, na nikimwambia ni thelathini na tano hapimi tena nyuma yangu.

Ule mti mweupe ulipokauka niliuomba, nikauweka dirishani katikati ya twiga na ndege wa marehemu. Juzi jirani alikuja kuchota maji, akauona, akauchukua, akaugeuza kwenye mwanga.

"Huu mzee hakuwahi kunionyesha," akasema. "Aliuchonga kwa nini, mfupa?"

"Rudisha hapo," nikamwambia. "Huo nimeuchonga mimi, kwa vifuniko viwili."